Siku ya Sita Si Anasa

Kama umepita karibu na kafeteria wiki hizi mbili, umeliona tangazo. Picha ya Kibo yenye theluji, bendera ya Taifa pembeni, na maandishi makubwa: safari ya wanafunzi kwenda kileleni, Desemba. Chini yake kuna namba ya kujiunga na grupu. Nimejiunga. Hadi naandika haya grupu lina watu 64 na kura inaendelea: twende njia gani, siku ngapi? Njia ya Marangu kwa siku tano inaongoza kwa mbali. Sababu zinazotolewa ni mbili: ni nafuu, na hatutakosa vipindi vingi.

Mimi sijaipigia kura hiyo. Nilijaribu kueleza kwa nini, lakini ujumbe wangu ulimezwa na stika na vicheko, ndiyo maana nimeomba nafasi kwenye jarida letu niseme kwa utulivu. Sipingi safari. Napinga namna tunavyoichagua njia. Na siongei kama mtu aliyesoma tu vitabuni. Mwaka jana nilikuwa mweka hazina wa safari kama hii hii, na hesabu ya siku tano niliipiga mimi.

Ngoja nieleze ilivyokuwa. Tulikuwa watu 12. Bumu lilikuwa limechelewa, kila mtu anahesabu senti. Nikawapigia simu mawakala, wakanipa bei za siku tano na bei za siku sita. Nikachukua ya siku tano, nikaiandika vizuri kwenye karatasi ya kikao. Ya siku sita sikuiandika kabisa. Nilijiambia kwamba itawachanganya watu. Ukweli ni kwamba nilijua bei ikipanda watatu au wanne wangejitoa, na wakijitoa gharama ya gari ingetulemea tuliobaki, na safari ingekufa. Kwa hiyo kikao "kikaamua" siku tano. Kiliamua nini, jamani, wakati hakikuwekewa kitu kingine cha kuchagua?

Miongoni mwetu alikuwepo mwenzangu wa chumbani. Ameniruhusu niseme habari zake bila kumtaja jina. Ni mchezaji wa netiboli, anakimbia asubuhi wakati sisi wengine bado tumejifunika shuka, na kati ya wote 12 yeye ndiye ambaye hakuna aliyemtilia shaka. Siku ya kwanza, kutoka geti la Marangu hadi Mandara, ni yeye aliyekuwa akituimbisha njiani. Msituni kule kuna ukungu, mbega wanaruka juu ya miti, njia ni pana na imetunzwa. Tukajisemea, kumbe ndiyo Kilimanjaro hii? Mbona rahisi?

Siku ya pili tulifika Horombo jioni. Usiku hakula. Kichwa kinamgonga, anasema. Nikamwambia ni uchovu, kunywa maji ulale. Siku ya tatu tulivuka lile jangwa lililo kati ya Mawenzi na Kibo. Hakuna mti, hakuna nyasi, ni upepo na mawe tu. Alikuwa wa mwisho kwenye mstari, yeye ambaye siku zote huwa wa kwanza. Tulipofika Kibo alitapika chai yote aliyokunywa. Saa tano usiku tulipoamshwa kujiandaa kwa safari ya kileleni, alikuwa amekaa kitandani ameshika kamba za viatu, hajui azifanye nini. Kiongozi wetu, mzee wa makamo mzaliwa wa Marangu, alimwomba atembee hatua chache kwa mstari ulionyooka. Akayumba mara mbili. Mzee akasema: "Mwanangu, wewe unashuka. Siyo asubuhi, sasa hivi. Mlima hauhami." Msaidizi wake na wapagazi wawili wakamlaza kwenye ile machela ya gurudumu moja, wakaondoka naye gizani kuelekea Horombo.

Mimi nikaendelea kupanda. Nalo hilo lazima niliseme. Niliishia Gilman's, mita 5,681, jua likichomoza. Wanne wetu walifika Uhuru, watatu tuliishia Gilman's, watano hawakufika kokote. Mchana niliporudi Horombo nilimkuta amekaa juani anakunywa uji, rangi imemrudia. Dawa yake ilikuwa kushuka tu. Neno la kwanza aliloniambia ni, "Mmefika?"

Kwa miezi mingi baada ya hapo alikuwa akisema kwamba mwili wake mbovu, kwamba yeye si mtu wa mlima. Watu walimtania, na yeye akacheka nao. Nami nikanyamaza.

Kilichonifumbua mdomo ni TP. Julai na Agosti nilikuwa nafundisha Jiografia kidato cha pili, darasa la wanafunzi 71. Siku hiyo somo ni hali ya hewa na mwinuko. Nikaandika ubaoni kwamba ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi, na mgandamizo wa hewa nao hupungua. Mtoto mmoja wa nyuma kabisa akanyoosha mkono: "Madam, sasa hewa ikipungua hivyo, mtu wa Dar akienda kule anapumuaje?" Nikajibu kama kitabu kinavyosema: mwili huzoea, ila unahitaji muda. Nikasikia sauti yangu mwenyewe. Muda. Ndicho kitu nilichokikata kwenye karatasi ya kikao.

Jioni ile nilimpigia simu mwenzangu nikamweleza yote. Alikaa kimya, nikadhani simu imekata. Kisha akasema, "Kumbe kulikuwa na siku ya sita?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ungeniambia. Ningeazima hela kwa mama."

Sasa tuingie kwenye hoja yenyewe, kwa sababu sitaki mtu apige kura kwa kunihurumia.

Watu wengi hudhani kule juu oksijeni imeisha. Hapana. Asilimia ya oksijeni hewani ni ile ile, 21 hivi, pale Uhuru kama ilivyo hapa ufukweni. Kinachopungua ni mgandamizo. Kwenye mita 5,895 kila pumzi unayovuta inakuletea karibu nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata usawa wa bahari. Mwili unaweza kujirekebisha: unapumua kwa kasi zaidi, moyo unaongeza mapigo, damu nayo inabadilika taratibu. Lakini hayo hayafanyiki kwa saa tatu wala kwa kujikaza. Ukipanda haraka kuliko mwili unavyoweza kujipanga, unapata ugonjwa wa mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, kukosa usingizi. Ukiupuuza ukaendelea kupanda, maji yanaweza kujaa kwenye mapafu au ubongo ukavimba, na hapo mtu hufa. Kuyumba na kuchanganyikiwa, kama alivyofanya mwenzangu na kamba za viatu, ni dalili kwamba mambo yameshafika pabaya.

Kanuni inayotolewa na wataalamu wa tiba ya milimani ni nyepesi kukumbuka: ukishapita mita 3,000, sehemu unayolala leo isizidi sehemu uliyolala jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja bila kupandisha kitanda. Sasa chukua ratiba ya Marangu ya siku tano uipime. Usiku wa kwanza Mandara, mita 2,700 hivi. Usiku wa pili Horombo, mita 3,700. Usiku wa tatu Kibo, mita 4,700, na huo hata si usiku, maana unaamshwa kabla ya saa sita uanze kupanda mita 1,200 zilizobaki. Kila siku kitanda kinapanda mita 1,000. Ni mara mbili ya kanuni. Ratiba ya siku sita haiondoi tatizo lote, lakini inakupa usiku wa pili Horombo. Mchana mnatembea hadi Zebra Rocks, yale mawe yenye mistari kama pundamilia, mnaonja kimo cha mita 4,000 hivi, halafu mnarudi kulala pale pale. Wapanda mlima husema panda juu, lala chini. Siku ya sita kazi yake ni hiyo, wala si ya kupiga picha.

Linganisha na Machame ya siku saba. Ukishafika Shira, karibu mita 3,800, siku inayofuata unapanda hadi Lava Tower, mita 4,600 hivi, halafu unashuka kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Kesho yake unapanda ukuta wa Barranco na kulala Karanga, karibu kimo kile kile. Ni usiku tatu mfululizo mwili unakaa kati ya mita 3,800 na 4,000 kabla ya kwenda Barafu. Ndiyo maana viongozi wengi wa mlima watakuambia kwamba Machame, pamoja na ugumu wake wa miguu, ni rafiki wa mapafu kuliko Marangu ya haraka. Marangu imezoeleka kuitwa njia ya Coca-Cola, yaani nyepesi, na Machame njia ya whisky, yaani kali. Majina hayo yanasema habari za njia chini ya miguu. Hayasemi lolote kuhusu hewa. Ukichagua kwa majina unaweza kuishia kama sisi.

Sisemi Marangu ni mbaya. Kwanza ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala; kwingine kote ni mahema. Kwa mwanafunzi asiye na begi la kulalia la maana na viatu vyake ni vya kukodi, kitanda chenye godoro na paa juu ni kitu kikubwa, hasa mvua ikinyesha. Pili, mtu akiugua ni rahisi kumshusha. Machela ile ya gurudumu moja ingekuwa na kazi nzito sana kwenye ukuta wa Barranco. Kwa hiyo kama fedha zetu zinatufikisha Marangu tu, twende Marangu. Ila twende kwa siku sita.

Njia nyingine nazo tuzijue, tusije tukauziwa mbuzi kwenye gunia. Lemosho inaanzia magharibi, Londorossi, na huchukua siku saba au nane. Ni nzuri sana kwa kuzoea hewa lakini kila siku inayoongezeka inalipiwa. Rongai inapanda kutoka kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, upande wenye mvua chache, na watu hushukia Marangu. Umbwe ni fupi na ya mwinuko mkali hadi inapokutana na Machame kule Barranco. Mtu asiyewahi kupanda mlima asidanganywe na ufupi wake. Mweka ni ya kushukia tu. Na kote huko huruhusiwi kupanda bila kiongozi mwenye leseni, kwa hiyo wale waliopendekeza kwenye grupu kwamba "tujilipue wenyewe", hilo tulifute.

Najua mtakachosema. La kwanza ni hili: sisi ni vijana, tuna nguvu. Mwenzangu wa chumbani alikuwa na nguvu kuliko wote. Mazoezi yanasaidia miguu na pumzi ya kutembea, lakini hayazuii ugonjwa wa mwinuko. Tena vijana wenye mazoezi ndio hujiponza, kwa sababu wanaweza kwenda haraka, na haraka ndiyo sumu yenyewe. Kule mlimani kila mtu anakusalimia kwa "pole pole", na sisi tuliichukulia kama mzaha wa kuchekesha watalii. Kumbe pole pole ni ratiba. Unaianza siku unapochagua njia. Mita 4,700 saa tano usiku umeshachelewa.

La pili: kuna watu wamefika kwa siku tano. Ndiyo, na wanne wetu walifika. Kuna wanafunzi pia wanafaulu bila kuhudhuria kipindi hata kimoja. Je, mkuu wa idara apange ratiba ya kozi nzima kwa kuwatazama hao? Sisi wa Elimu tunafundishwa jambo hili tangu mwaka wa kwanza: unapoandaa somo, anza na kile ambacho wanafunzi wako tayari wanakijua, halafu uwapandishe ngazi moja moja. Vygotsky alieleza kwamba mtu hujifunza pale kazi inapokuwa juu kidogo ya uwezo wake wa sasa, na kuna wa kumshika mkono. Juu kidogo, siyo mita 1,000 kila siku. Msimamizi wangu wa TP aliniambia siku moja, baada ya kuona nakimbiza somo na wale watano wa mbele, "Unafundisha daftari lako, hufundishi watoto." Njia ya mlima inayochaguliwa kwa kasi ya wenye nguvu ni somo la namna hiyo. Watano wa mbele watapiga picha kileleni, na wa nyuma watabaki wakiamini kwamba wao ni wabovu.

La tatu, fedha. Hapa siwezi kuwacheka watu, maana nami najua maana ya kula mlo mmoja wiki ya mwisho kabla ya bumu. Ada za hifadhi hutozwa kwa siku, kiongozi, mpishi na wapagazi hulipwa kwa siku, chakula ni kwa siku. Siku ya sita ina gharama, na kwa wengine gharama hiyo ni kubwa. Lakini tuhesabu vizuri. Sisi watano kati ya 12 walilipa safari nzima, wakapoteza siku tano za vipindi, wakarudi na maumivu ya kichwa. Hapo nafuu iko wapi? Na kuna aina nyingine ya nafuu ambayo naiogopa zaidi: ile inayopatikana kwa kumpunja mpagazi. Kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20. Mtu anayekuletea bei ya chini sana kuliko wote, muulize anamlipa mpagazi shilingi ngapi, na mpagazi huyo analala wapi na anakula nini. Hao ndio waliomshusha mwenzangu usiku kwenye baridi, huku mimi niliyepunguza bajeti nikipanda kwenda kupiga picha.

La nne, vipindi. Ni kweli Desemba masomo yanaendelea, na kuna walimu hawaelewi lugha ya mlima. Lakini hiyo ni sababu ya kubadili tarehe, siyo ya kukata siku. Tena Desemba mwanzoni vuli bado haijaisha. Unaweza kutembea msituni mvua inakupiga kutwa. Miezi mikavu ni Juni hadi Oktoba, halafu Januari hadi mwanzoni mwa Machi. Sisi wa Elimu tunakuwa TP Julai na Agosti, wenzetu wengine wako mafunzo ya vitendo, ila Septemba wengi tuko huru. Najua kwa nini watu wanaipenda Desemba. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge kule juu, na kila mwaka Watanzania hupanda kukumbuka siku hiyo. Ni jambo la heshima. Lakini Nyirenda alikuwa askari aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Sisi wengi wetu ngazi za hosteli zinatutoa jasho. Uhuru ataendelea kuwepo Septemba.

Basi napendekeza nini?

Kwanza, kura ya sasa ifutwe, ipigwe upya ikiwa na machaguo yote: Marangu siku sita, Machame siku saba, na mengine kamati itakayoona yanafaa, kila moja na bei yake halisi na kimo cha kila sehemu ya kulala. Marangu ya siku tano isiwemo. Mtu akiona namba zote mbele yake ndipo anapoweza kusema amechagua. Viongozi wa safari, msifanye nilichofanya mimi. Msiwaamulie wenzenu kwa kuficha mstari mmoja kwenye karatasi.

Pili, tuanze na mlima mdogo. Sisi tunalala Dar, karibu na usawa wa bahari, na wengi wa waliomo kwenye grupu hawajawahi kutembea saa sita mfululizo. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa iko Mang'ula, kwenye barabara ya Mikumi kwenda Ifakara. Njia ya maporomoko ya Sanje ni ya siku moja, maporomoko yenyewe yanashuka mita 170 hivi kwa jumla, na kule hakuna tatizo la hewa kabisa. Utajua viatu vyako vinakubana wapi na nani kwenye kundi huwa anaficha maumivu. Wenye hamu ya zaidi waende Meru, mita 4,566, ndani ya Hifadhi ya Arusha. Kwa siku nne za utulivu unalala Miriakamba na Saddle, mnatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Meru si mlima wa kudharau. Kile kigongo chembamba cha kuelekea kileleni kinataka akili. Ila unajifunza mwili wako unavyofanya kwenye kimo kabla hujaupeleka Kibo.

Tatu, tuwakumbuke wasio na fedha za siku sita. Inawezekana kuingia geti la Marangu asubuhi, kutembea hadi Mandara na kurudi jioni ile ile. Robo saa hivi kutoka Mandara kuna kreta ya Maundi. Kukiwa hakuna mawingu unamwona Mawenzi, na upande wa pili tambarare za Kenya. Hiyo ni Kilimanjaro pia. Nani alituambia kwamba asiyefika Uhuru hakuupanda mlima?

Nne, tukubaliane kabla ya kuondoka, kwa maandishi, kwamba neno la kiongozi la kushuka halijadiliwi, na kwamba kila jioni kila mtu anasema ukweli wa kichwa chake na tumbo lake bila kuchekwa. Mwenzangu aliniambia baadaye kwamba kichwa kilianza kumuuma mchana wa siku ya pili. Alinyamaza kwa sababu hakutaka kutuchelewesha. Kuna wanaouliza kuhusu vidonge vya Diamox: muulize daktari, na hata akikupa, usivifanye mbadala wa siku.

Kuna watakaosema nimeweka mambo binafsi hadharani ili nionekane mwema. Sidhani kama kuna wema ninaoonekana nao hapa. Nimeandika kwa sababu nimeiona ile kura na nikaiona karatasi yangu ya mwaka jana. Mtu aliyeitengeneza ana nia njema, kama nilivyokuwa nayo mimi. Anataka watu wengi waende. Mimi pia nataka waende wengi, na warudi bila mmoja wao kujiona mbovu kwa kosa la ratiba.

Mwenzangu wa chumbani ameona tangazo. Nilimuuliza kama atajiunga. Akasema atajiunga siku akiona namba sita. Ameanza kuweka akiba.

Kura inafungwa Ijumaa. Kabla hujabonyeza, uliza swali moja tu kwenye grupu: usiku wa tatu tunalala mita ngapi, na usiku wa pili tulikuwa tumelala mita ngapi? Kama hakuna anayejua, hamjachagua njia bado.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Elimu.